Nzango, chupa ya mchanga na mpira wa sashe: michezo ya avenue katika somo la mazoezi ya mwili

Kila mara watu wanapozungumza juu ya desturi za wazee wetu, mazungumzo yanakimbilia ngoma, mahari, matanga na majina. Mambo hayo yana heshima yake, na wengine wamekwisha kuyaandika vizuri kuliko sisi. Lakini kuna desturi moja ambayo watu hawaiiti desturi, kwa sababu inashikwa na watoto, tena zaidi watoto wa kike, saa kumi za jioni, katikati ya avenue, wakati mama anaita mtu aende kuteka maji. Ni michezo. Sisi tunafundisha hapa Lubumbashi, ku masomo ya sekondari, na kwa miaka kumi na kidogo tumeona kazi ambayo michezo hiyo inaweza kufanya katika somo la mazoezi ya mwili, zaidi katika kuzoeza watoto kushika, kurusha na kufuata mpira. Tunataka kueleza tuliyoyaona bila kuyapamba.

Kwanza msomaji ajue namna somo hilo linavyomfikia mwalimu. Sisi ku ISP tulisoma historia. Lakini katika masomo mengi ya kwetu, mazoezi ya mwili anapewa yule ambaye masaa yake hayajajaa. Prefe anaangalia ratiba, anaona mwalimu wa historia amebakiza masaa, anasema: "Papa, utabeba jim ya ba saba na ba nane." Mambo yamekwisha. Unapewa filimbi na mpira moja. Tunasema moja kwa sababu ni moja kweli, na ule moja unakaa ndani ya kabati ya prefe, na funguo ya kabati inakaa mu mfuko wa prefe, na prefe amekwenda ku mkutano.

Tufanye hesabu ndogo. Mwaka mmoja darasa letu la saba lilikuwa na watoto 58. Tangu serikali iliposema mwaka 2019 kwamba masomo ya msingi ni bila malipo, watoto wanaomaliza wamekuwa wengi, na hakuna mtu wa kulia juu ya hilo. Ila madarasa hayakupanuka pamoja nao. Somo ni dakika 50. Toa kumi za kutoka darasani, kuvua viatu vizuri ili visiharibike na kujipanga. Zinabaki 40. Gawanya dakika 40 kwa watoto 58 wenye mpira moja: kila mtoto anapata sekunde 41 hivi. Hiyo ni kama mpira ungegawiwa sawa, na haugawiwi sawa hata siku moja. Vijana watano wanaocheza tayari mu timu ya mtaa wanauchukua. Thelathini wanakimbia nyuma yao ndani ya vumbi. Na wasichana wanakwenda kukaa chini ya mwembe na barua za kuomba ruhusa. Tuliwahi kupokea barua tatu za ugonjwa siku moja, wazazi watatu, mwandiko mmoja.

Sasa, chini ya ule mwembe wagonjwa wetu walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanaruka. Dakika 40 nzima, kwa nguvu, kwa jasho, na wimbo. Walikuwa wanacheza nzango.

Nzango si ya Katanga. Ilitoka huko kwenye mto, Kinshasa na Brazzaville, ikafika kwetu pamoja na watu na nyimbo za Kilingala. Wanasimama wawili, uso kwa uso, kila mmoja na timu yake nyuma. Wanapiga mikono, wanaimba, wanaruka, na wakati wa kushuka kila mmoja anatupa mguu moja mbele. Mmoja alikwisha kuchagua kwamba anakula kama miguu inalingana. Mwenzake anakula kama haiko sawa. Ni hayo tu, na si kidogo. Mu nukta ya mwisho, wakati mwili bado uko hewani, msichana anaangalia kiuno cha mwenzake, anajua ni mguu gani utakuja, anabadilisha wake. Mwaka 2015, wakati Michezo ya Afrika ilipofanyika Brazzaville, nzango ilionyeshwa huko kama mchezo wa maonyesho, mbele ya watu wazima wenye jezi na waamuzi. Watoto wa mwembe hawakujua habari hiyo. Tulipowaambia, mmoja aliuliza kama wale wa Brazzaville walilipwa.

Anayejua kidogo mpira wa miguu ao wa kikapu anaona tunakwenda wapi. Beki anayesimamia mtu mwenye mpira anafanya kazi ileile: haangalii mpira, anaangalia kiuno na miguu, anangoja, anachagua kwa nukta ya mwisho. Wavulana wetu watano wa timu ya mtaa walikuwa wanarukia mpira kama paka anavyorukia panzi. Tuliwaita ku nzango. Wakakataa: "Mwalimu, ile ni michezo ya banamuke!" Tukasema vizuri, basi mutawashinda upesi. Walishindwa kumi kwa mbili na msichana mmoja mfupi aliyekuwa na barua ya ugonjwa wa magoti. Tangu siku ile hatukuhitaji kuwashurutisha. Walikuwa wanajifunza kwa siri na dada zao nyumbani, tukaona maendeleo.

Lakini nzango haina mpira. Mchezo uliotusaidia kabisa kwa upande wa mikono ni ule wa chupa ya mchanga. Jina lake linabadilika toka avenue moja mpaka ingine, basi tutaueleza tu. Wawili wanasimama kwenye ncha mbili, hatua kumi na mbili hivi kati yao, na mpira laini. Katikati kuna wengine, na kati yao mmoja amechuchumaa mbele ya chupa tupu. Anajaza mchanga kwa mikono. Wale wa ncha wanarusha ili kugonga. Aliyegongwa "anakufa", anatoka. Mwenye chupa lazima aijaze mpaka shingoni, aimwage, ahesabiwe. Kama mwenzake wa katikati anadaka mpira kabla haujaanguka chini, mfu mmoja "anafufuka" na kurudi. Tanzania wanacheza ndugu yake, wanauita rede.

Angalia ni kazi ngapi ziko ndani. Warushaji wanajifunza kupitishiana mpira upesi, maana wakiuchelewesha, chupa inajaa. Wanajifunza kudanganya kwa macho: kuangalia huyu na kugonga yule. Wale wa katikati wanajifunza kukwepa, na pia kuamua: huu naukwepa, huu naudaka? Na mwenye chupa, ndiye aliyetushangaza zaidi. Mikono yake iko chini, macho yake yako juu. Anajaza mchanga bila kuutazama. Kila mwalimu wa mpira wa kikapu ulimwenguni anapiga kelele siku nzima: inua kichwa, usiangalie mpira! Mtoto wa Katuba alikwisha kujifunza hilo akiwa na miaka minane, na mchanga, bila kelele za mtu.

Mpira wenyewe tunautengeneza. Ndani ni soksi zilizochakaa ao kitambaa, juu yake sashe nyingi zilizokazwa, na juu kabisa nyuzi zilizofumuliwa kutoka gunia la unga. Sheria ya mwisho wa mwaka 2017 ilikataza kutengeneza na kuuza mifuko ya plastiki mu nchi nzima, lakini mtu akitembea sokoni atafikiri ile sheria ilipitia Zambia. Tunazikusanya basi, na kiwanja kinabaki safi. Kwa juma moja tulipata mipira kumi na mbili. Rudia sasa ile hesabu: watoto 58 kwa mipira 12 ni watoto watano kwa mpira, na dakika 40 zinawapa dakika nane kila mmoja. Toka sekunde 41 mpaka dakika nane, bila kuomba funguo ya kabati.

Tuseme pia ukweli juu ya ule mpira. Haudundi. Mtu asituambie kwamba mpira wa sashe unafundisha kila kitu, maana hatafundisha nao kudunda wa kikapu, wala kupiga wa voleboli juu ya wavu. Unafundisha kurusha, kudaka, kupitisha, na ku miguu unafundisha kuukaribisha mpira na kuutuliza, kwa sababu ni mzito na hautoroki. Tena hauumizi. Mtoto anayeogopa kupigwa usoni anafunga macho, na mwenye kufunga macho hadaki kitu. Nusu ya woga wa wasichana wetu mbele ya mpira wa kweli ilitoka hapo, si ku "udhaifu" ambao watu wanausema. Baada ya miezi miwili ya sashe tuliwapa mpira wa prefe, wakaudaka macho wazi.

Namna tunavyofanya ni hii. Juma la kwanza mchezo unachezwa kama ku avenue, na sheria zote za watoto na nyimbo zote. Sisi tunakaa pembeni. Juma la pili tunageuza sheria moja tu: mrushaji asishike mpira kupita hesabu ya tatu. Juma la tatu warushaji wanakuwa watatu, na lazima mpira upite kwa wote kabla ya kugonga. Mpaka juma la sita tuko karibu kabisa na mpira wa mikono, na watoto hawakuona tulipovuka. Ila filimbi hatuipigi. Mwenzetu mmoja wa masomo jirani alitoa chupa, akatoa wimbo, akabakiza kurusha na kukwepa, mistari miwili, filimbi, moja, mbili. Siku ya tatu watoto walimwomba warudi darasani kuandika. Mchezo si ganda la kuvunja ili kupata zoezi lililo ndani. Wimbo ndio unaoshika mwendo wa kurusha. Chupa ndiyo inayoleta haraka. Ugomvi ndio unaofundisha sheria. Tulisikia mara moja kesi ya dakika nzima juu ya mpira uliogusa sketi bila kugusa mguu. Hukumu ilitoka: "Nguo haina damu." Mchezo ukaendelea. Mwamuzi gani anahukumu vizuri kuliko vile?

Inspekta alikuja. Alikuwa mtu mwenye adabu, alikaa mpaka mwisho, halafu akaomba fishi ya matayarisho. Tulikuwa nayo, na sehemu zake zote: kupasha mwili moto, somo lenyewe, kutuliza mwili. Alisoma, akasema: "Mwalimu, watoto wamechangamuka, sikatai. Lakini hii ni michezo ya mu barabara. Kwa nini musitumie michezo ya mu vitabu?" Tukamletea vitabu, vile viwili vya Kifaransa vilivyo ku bibliotheke yetu. Ndani mna balle au prisonnier, ambamo timu mbili zinarushiana mpira, aliyegongwa anakuwa mfungwa nyuma ya mstari, na anaweza kujiokoa. Mna épervier, ambamo mmoja anasimama katikati kama mwewe na wengine wanavuka mbio asiwashike. Tukamwuliza kwa heshima: hii ilitoka wapi kabla ya kuingia mu kitabu? Ilitoka mu barabara za Ufaransa. Ilikuwa michezo ya watoto wao, walimu wao waliiangalia, wakaona kwamba inatayarisha mwili kwa michezo mikubwa, wakaiandika. Kwa hiyo mtoto wa huko akicheza mchezo wa bibi yake, ni pedagojia; na wa kwetu akicheza wa bibi yake, ni barabara? Inspekta alicheka kidogo. Aliandika katika ripoti kwamba somo ni zuri na kwamba sheria za mchezo ziandikwe kwenye fishi. Haki yake. Ndiyo maana tulianza kuandika.

Mtu anaweza kutuuliza: hii ni desturi kweli? Lubumbashi yenyewe ilianza mwaka 1910, na watu wake waliletwa na kazi ya shaba kutoka pande zote. Mazembe, timu tunayojivunia, ilizaliwa mwaka 1939 mikononi mwa wamisionari Wabenediktini. Mpira wa miguu ulikuja na Wazungu, hakuna wa kukataa. Hata neno lenyewe linatutesa sisi watu wa historia: mpira ni mchezo, mpira ni ile maziwa ya mti ambayo watu wa nchi hii walilazimishwa kukusanya wakati wa Leopold II, mpaka serikali yake ilipokwisha mwaka 1908. Lakini mzee mmoja wa upande wa kaskazini alitueleza kwamba katika kijiji cha babu yake watoto walikuwa wanajipaka ule utomvu kwenye mkono, wanaukunja ukikauka, wanapata kipira kinachodunda. Pia walikuwa wanakata kipande cha mgomba, mviringo, mmoja anakivingirisha kwenye mteremko, wengine wanakitupia fimbo zilizochongwa. Hapo hatupi mtu mahali kitu kilipo; anatupa mahali kitakapokuwa. Tuliujaribu na ringi ya baiskeli na mipira ya sashe mahali pa fimbo. Ni zoezi bora kabisa kwa yule anayepitisha mpira kwa mwenzake anayekimbia, na wavulana wanaupenda kupita kiasi. Desturi ya mji huu ni mchanganyiko, kama Kiswahili chake. Hatuoni kwamba hiyo inapunguza kitu.

Juu ya vijiwe hatutasema mengi. Ni ule mchezo wa kutupa kijiwe kimoja hewani na kuondoa vingine ndani ya kishimo kabla hakijashuka; Zambia wanauita chiyato, watu wa Tanzania mdako. Tunaupa wale wanaotaka kuwa golikipa, siku za mvua, chini ya baraza. Wao wangependa zaidi kuiga Kidiaba anavyorukaruka kwa matako, kama alivyoonyesha dunia nzima Abu Dhabi mwaka 2010. Tunawaruhusu dakika moja. Halafu vijiwe.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni wazazi. Mama mmoja alifika asubuhi, mapema, na kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda ku tribunali. "Mwalimu, munisamehe. Miye nalipaka minerval juu mutoto asome, hapana juu acheze na masashi. Ile ya masashi, shi anaicheza bure ku nyumba?" Hatukumjibu kwa maneno makubwa. Maneno yake yana uzito: mu mji ambamo mzazi anauza mkate wa jioni ili kulipa robo ya minerval, ana haki ya kuuliza mtoto anapata nini. Tukamwomba akae chini ya mwembe mpaka saa ya somo. Alikaa. Bintiye, ambaye mwaka mzima wa mbele alileta barua za tumbo, alikuwa katikati, na chupa. Mama alianza kwa kuangalia saa ya simu. Halafu tulimsikia anapiga kelele: "Hapana vile! Inama! Geuka!" Mwisho alisimama, akavua kandambili, akaonyesha namna walivyokuwa wanacheza wao, mu Kamalondo: mtu haruki juu, anajikunja upande, bega linakwenda kwanza, ili mpira upite mgongoni. Watoto walinyamaza kabisa. Sisi tuliandika mu kaye. Hakusema kwamba amekubali. Alisema tu kwamba amechelewa ku soko.

Lile pindo la bega la mama wa Kamalondo sasa wanalifanya wote wa nane. Bintiye yuko mu timu ya mpira wa mikono ya masomo. Barua za ugonjwa bado zinakuja, maana kuna magonjwa ya kweli na siku za wasichana ambazo tunaziheshimu, lakini mwembe umebaki karibu mtupu siku ya jim, na wanaokaa chini yake ndio wanaohesabu chupa.

Tumewapa wanafunzi kazi: kila mmoja aulize nyumbani, kwa bibi, babu, tantine ao jirani, alicheza nini na sheria zake zilikuwa zipi. Kaye yetu imefika michezo 23, na saba kati yake ina mpira ao kitu kinachorushwa. Mingine imekuja na sheria zinazogongana, kwa mfano Katuba mfu anafufuka mara moja tu, Ruashi anafufuka kila mara wanapodaka. Tumeandika zote mbili. Mmoja umekuja nusu. Bibi wa mwanafunzi mmoja, aliyefika mjini akiwa kigori kutoka upande wa Kasenga, anakumbuka duara la wasichana, mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kwa kamba za mgomba wenyewe, na mmoja katikati amefungwa kitambaa machoni. Mpira unapitishwa nyuma ya migongo, huku wanaimba. Wimbo ukikatika, yule wa katikati anaonyesha kidole. Lakini akikosea, kinafuata nini? Bibi anasema alikuwa mdogo, walikuwa wanamweka kuimba tu, hakuingia katikati hata siku moja. Anayejua mchezo huo ao aliyeuona, ku Kasenga ama ng'ambo ya Luapula, tunamwomba aache neno kwa chama: anayekosea anatoka, anabaki, ao anabadilishana na mwenye mpira? Tunataka kuucheza na ba saba kabla ya mwezi wa kumi na moja, wakati mvua haijaharibu kiwanja.